Muziki wa Filamu Upi Unastahili Kuteuliwa Oscar? Mwongozo Kamili wa Kubashiri

Katika kikundi chetu cha watu sita hapa Mbeya, ambao karibu wote tulilelewa na kwaya za kanisa, kila ifikapo Desemba tunafungua kaunta buku moja na kugawa ukurasa kwa mstari wa kalamu nyekundu. Upande wa kushoto tunaandika filamu ambazo muziki wake, kwa masikio yetu, unastahili kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Upande wa kulia tunaandika zile ambazo tunaamini zitateuliwa kweli. Mwaka wa kwanza hatukuwa na mstari huo, na tulibishana hadi usiku wa manane bila kutambua kwamba nusu yetu walikuwa wakijibu swali moja na nusu nyingine wakijibu jingine.

Mwongozo huu unafuata mstari huo, na unaanzia kushoto kwa makusudi. Anayeanza na wapiga kura, kabla hajasikiliza chochote, huishia kunakili orodha za watu wengine. Na orodha ya kunakili, hata ikipatia, haimfundishi mwenye kuinakili kitu. Ninapotumia neno kubashiri simaanishi mikeka ya mpira. Hapa hakuna fedha inayowekwa, isipokuwa anayeshika mkia hununua maandazi.

Hatua ya kwanza: tenganisha sauti unazozisikia

Filamu hubeba sauti za aina nne kwa wakati mmoja: maneno ya waigizaji, sauti za matukio kama vile milango na mvua, nyimbo ambazo zilikuwepo kabla ya filamu, na muziki uliotungwa mahususi kusindikiza hadithi. Kinachopimwa katika kipengele hiki ni hiyo sauti ya nne peke yake. Wimbo unaoimbwa na msanii mwishoni, majina ya watengenezaji yanapopita, una kipengele chake kingine kabisa, na ni kosa la kawaida sana kwa mtu kuusifu muziki wa filamu kumbe alichokipenda ni wimbo huo.

Zoezi lenyewe ni rahisi. Chukua dakika kumi za filamu yoyote unayoifahamu, shika kalamu, na uandike dakika na sekunde kila muziki unapoingia na kila unapotoka. Wengi wetu tulipofanya hivyo mara ya kwanza tuligundua kwamba hatukuwahi kuusikia muziki unaotoka. Tuliusikia ukiingia tu. Mtunzi mzuri hujulikana zaidi pale anapoondoka, kwa sababu muziki ulioondoka kwa wakati wake humwacha mtazamaji peke yake na uso wa mwigizaji.

Kuhusu nakala ya kusikilizia, nina maonyo matatu yanayotokana na mazingira yetu. La kwanza ni filamu zenye sauti ya mtafsiri, ambazo wengi tulizizoea katika mabanda ya video ya Mwanjelwa. Hazifai kwa kazi hii, hata kama mtafsiri mwenyewe ni fundi wa maneno, kwa kuwa sauti ya filamu hushushwa ili yeye asikike. Mwaka mmoja nilimwondoa mtunzi katika orodha yangu kwa madai kwamba muziki wake ni hafifu, kumbe nakala iliyokuwa kwenye flashi yangu ilikuwa imezikwa chini ya maneno ya mtafsiri. La pili ni sabufa. Sabufa huipa kila filamu uzito ambao mtunzi hakuuandika, na besi yake humeza vinubi na filimbi. Tumia hedifoni, hata za bei ya chini, mradi masikio yote mawili yanasikia. La tatu ni bati. Msimu wa tuzo, kuanzia Desemba hadi Machi, ndio msimu wetu wa mvua, na hakuna selo inayoweza kushindana na mvua ya alasiri juu ya paa la Uyole. Sisi husikiliza asubuhi.

Hatua ya pili: usiisikilize albamu kwanza

Albamu ya muziki wa filamu hupangwa ili ipendeze ikiwa peke yake, hivyo vipande hurefushwa, huunganishwa na wakati mwingine huwekwa vile ambavyo filamu haikuvitumia. Mwanachama mmoja wa kikundi chetu alisikiliza albamu kwenye simu akiwa ndani ya basi la Tukuyu, akaipa nafasi ya kwanza, kisha akaitazama filamu na kukuta kipande alichokipenda kinasikika kwa nusu dakika chini ya mngurumo wa magari. Kinachostahili kuteuliwa ni kazi ambayo muziki unaifanya ndani ya filamu. Kwa hiyo tazama filamu nzima kwanza bila kuandika kitu, kisha rudia matukio matatu uliyoyakumbuka bila kulazimishwa, na ndipo uende kwenye albamu kuthibitisha kile ambacho sikio lilidhani limekisikia.

Katika kurudia matukio hayo matatu, zima sauti kabisa kwa mara ya kwanza. Ukiona tukio linaeleza kila kitu bila sauti, jiulize muziki uliongeza nini. Mara nyingi jibu ni kwamba ulirudia kilichokwisha kuonekana: mtu analia na vinanda vinalia pamoja naye. Hilo si kosa kubwa, lakini ni muziki wa kawaida, na muziki wa kawaida hujaza filamu nyingi kila mwaka.

Hatua ya tatu: maswali ya sikio

Swali langu la kwanza ni hili: muziki unajua jambo ambalo picha haijui? Mfano ulio wazi kuliko yote ni Jaws, filamu ya samaki papa anayeshambulia waogaji, ya mwaka 1975, ambayo ilimpa John Williams tuzo ya Oscar. Papa haonekani kwa sehemu kubwa ya filamu, na badala yake tunapewa noti mbili za chini zilizo jirani kabisa, ambazo kwa aliyesoma solfa ni kama mi na fa zikirudiwa kwa mwendo unaoongezeka kasi. Kila mtu anazikumbuka noti hizo. Wachache wanakumbuka kwamba watoto wawili wanapowatisha waogaji kwa pezi la uongo, noti hazisikiki kabisa. Muziki unasema ukweli pale ambapo picha inadanganya, na mtazamaji bila kujua anajifunza kuuamini. Kisha, imani hiyo ikishajengeka, papa halisi anatokea nyuma ya mashua bila onyo lolote la muziki. Ndiyo maana watu waliruka vitini. Tulipoyaweka matukio hayo mawili bega kwa bega, mwalimu wetu wa kwaya, mzee ambaye hakuwa na hamu na filamu za Kimarekani, aliomba yarudiwe mara tatu.

Swali la pili linahusu uchache wa mali ghafi. Sikiliza mtunzi anafanya mangapi kwa noti ngapi. Katika All Quiet on the Western Front ya mwaka 2022, Volker Bertelmann alijenga vita nzima juu ya noti tatu nzito, alizozitoa katika kinanda cha upepo cha mama wa bibi yake na kuzikwaruza kielektroniki hadi zikawa kama king'ora cha kiwanda. Kinanda hicho ni ndugu wa vile vya kukanyaga kwa miguu ambavyo wamisionari walikuwa navyo makanisani, na aliyewahi kukisikia kikipumua kati ya noti na noti ataelewa mara moja kwa nini ala ya nyumbani na ya ibada iligeuka kuwa sauti ya mashine inayosaga vijana. Alishinda.

Swali la tatu ni kama ala imechaguliwa kwa sababu, au imeletwa kama pambo. Hapa wasikilizaji wa Nyanda za Juu Kusini wana haki ya kuwa wakali, kwa sababu filamu nyingi zinapofika Afrika hupiga ngoma yoyote na kuamini kwamba kazi imekwisha. Ludwig Göransson, mtunzi kutoka Uswidi, alipopewa Black Panther alikwenda Senegali na kusafiri na mwanamuziki Baaba Maal, na akarudi na tama, ngoma ya kwapani inayoiga sauti ya mtu anayesema. Katika muziki wa mfalme T'Challa ngoma hiyo inatamka jina lake. Ondoa tama hapo na mhusika anapoteza wito wake. Tofauti hiyo ni ile ile anayoijua mtu wa Iringa kati ya ligombo lililo mikononi mwa mzee anayesimulia kwa kuliimbia, na ligombo lililotundikwa ukutani hotelini.

Yapo maswali mengine madogo ambayo sitayarefusha: je, tuni kuu ya mhusika inabadilika pale anapobadilika, na je, mtunzi ana ujasiri wa kunyamaza? Katika Oppenheimer, kazi nyingine ya Göransson iliyoshinda, muziki unapanda kwa muda mrefu kuelekea jaribio la bomu, na mlipuko wenyewe unakuja katika ukimya na pumzi za watu.

Sasa andika majina upande wa kushoto. Usiandike zaidi ya matano, kwa sababu nafasi za uteuzi ni tano, na ubishi wa kweli huanza pale ambapo la sita inabidi likatwe.

Hatua ya nne: chuja kwa sheria

Kabla ya kuvuka mstari mwekundu, kagua kama filamu inaruhusiwa. Kanuni za Akademi, yaani chama cha watu wa filamu cha Marekani kinachotoa Oscar, zinadai muziki utungwe mahususi kwa filamu hiyo, na kwamba angalau asilimia 35 ya muziki wote uliomo uwe mpya. Kama filamu ina dakika 60 za muziki, basi dakika 21 sharti ziwe za mtunzi huyo na za filamu hiyo. Kwa filamu zinazoendeleza hadithi ya filamu iliyotangulia, kiwango kinapanda hadi asilimia 80. Viwango hivi hubadilishwa: kabla ya mwaka 2021 kiwango cha kawaida kilikuwa asilimia 60. Kwa hiyo zisome kanuni za mwaka husika na usitegemee kumbukumbu.

Hatua hii inaonekana ya kiofisi, lakini ndiyo inayowaangusha wengi. Dune: Part Two ya Hans Zimmer ilisifiwa kila mahali mwaka 2024 na haikuweza kuwania, kwa kuwa ilibeba muziki mwingi mno wa sehemu ya kwanza. Muziki wa Jóhann Jóhannsson katika Arrival uliondolewa kwa sababu kipande cha Max Richter, kilichokuwepo kabla ya filamu, kinafungua na kufunga hadithi, na ilihofiwa kwamba mpiga kura asingeweza kutenganisha kipi ni cha nani. Antonio Sánchez alitunga ngoma tupu kwa Birdman, jambo la kipekee, na akaondolewa kwa kuwa filamu ilikuwa imejaa pia muziki wa kale wa okestra. Muziki wa Jonny Greenwood katika There Will Be Blood uliondolewa kwa kuwa alitumia pia kazi yake mwenyewe ya awali. Hata Nino Rota, ambaye uteuzi wake kwa The Godfather ulikwisha kutangazwa, alinyang'anywa baada ya kubainika kwamba sehemu ya tuni ile aliwahi kuitumia katika filamu ya Kiitaliano ya mwaka 1958. Miaka miwili baadaye alishinda kwa sehemu ya pili, pamoja na Carmine Coppola, na tuni ile ile ya zamani ikisikika ndani yake. Nani alisema sheria haina ucheshi?

Unaposhuku filamu, fanya hivi: soma majina yote ya muziki mwishoni mwa filamu na uhesabu vipande vilivyotajwa kuwa vya watunzi wengine. Vikiwa vingi, na hasa vikiwa katika matukio makubwa, weka alama ya kuuliza pembeni.

Hatua ya tano: wafahamu wapiga kura na kalenda yao

Uteuzi haufanywi na wanachama wote wa Akademi. Unafanywa na tawi la muziki peke yake, yaani watunzi, waandishi wa nyimbo, wahariri wa muziki na wenzao wa fani hiyo. Wanachama wote hupiga kura baadaye tu, wakati wa kumchagua mshindi. Hili lina maana kubwa kwa mbashiri. Mtunzi anapomsikiliza mtunzi mwenzake husikia kazi ya mkono: mpangilio wa sauti, ugumu wa kuandika kwa ala chache, na historia ya mtu katika fani. Ndiyo sababu John Williams amefikisha uteuzi 54 katika maisha yake, ingawa ameshinda mara tano. Jina lake likiwa katika orodha fupi, usilikate bila sababu nzito.

Mwezi Desemba tawi hilo hutoa orodha fupi, ambayo tangu filamu za mwaka 2024 ina majina 20. Kabla ya hapo yalikuwa 15. Januari wanachama wake hupiga kura tena kupata watano, wakipanga majina kwa kufuata upendeleo. Katika kura ya namna hiyo, filamu inayopendwa sana na wachache ina nguvu kuliko filamu ambayo kila mtu anaiweka ya nne. Kwa hiyo unapopitia orodha ya 20, usiulize ni ipi haina maadui. Uliza ni ipi ina watu watakaoiandika ya kwanza.

Hatua ya sita: soma dalili, kila moja kwa uzito wake

Dalili nzito kuliko zote, kwa hesabu niliyoifanya mwenyewe katika kaunta buku, ni filamu yenyewe kuwania tuzo ya Filamu Bora. Katika tuzo zilizotolewa mwaka 2023, wanne kati ya watano walioteuliwa kwa muziki walitoka katika filamu zilizowania Filamu Bora, na aliyebaki alikuwa Justin Hurwitz wa Babylon. Mwaka 2024 walikuwa wanne tena, na wa nje alikuwa Williams kwa filamu ya Indiana Jones. Mwaka 2025 wanne tena: The Brutalist, Conclave, Emilia Pérez na Wicked, huku The Wild Robot ya Kris Bowers ikiwa ya nje. Mwaka 2022 walikuwa watatu. Mtu anaweza kulalamika, na mimi hulalamika, kwamba muziki mzuri ndani ya filamu isiyopendwa hauna mlango. Lakini upande wa kulia wa ukurasa haukuwekwa kwa ajili ya malalamiko.

Angalia pia ni nani anayeikalia nafasi ya tano. Huwa ni filamu ya katuni, au gwiji anayeheshimiwa, au muziki mkubwa kiasi kwamba filamu iliyoanguka haikuweza kuuangusha. Mimi humwekea mtu huyo kiti kimoja kila mwaka kabla sijaanza kuwapanga wengine.

Tuzo nyingine za msimu zina uzito mdogo kuliko kelele zake. Golden Globe hupigiwa kura na waandishi wa habari za burudani, ambao si watunzi. Januari 2025 waliwapa tuzo Trent Reznor na Atticus Ross kwa Challengers, na sisi sote sita, bila hata mmoja kusita, tukaiandika ya kwanza upande wa kulia. Tawi la muziki halikuiteua kabisa. Tuzo za BAFTA za Uingereza zina baadhi ya wapiga kura ambao hupiga kura za Oscar pia, na washindi wa Oscar wa 2023, 2024 na 2025 walishinda kule kwanza. Lakini hilo linasaidia zaidi kumjua mshindi kuliko kuwajua watano.

Ugeni wa mtunzi usikutishe. Daniel Blumberg aliteuliwa kwa mara ya kwanza kwa The Brutalist na akashinda. Hildur Guðnadóttir wa Joker vilevile, na kwake kulikuwa na jambo ambalo watunzi hulisikia haraka: alianza kuandika kwa selo kabla filamu haijapigwa, na ngoma ile ya polepole ambayo Joaquin Phoenix anaicheza chooni ilizaliwa pale alipochezewa muziki huo.

Hatua ya saba: funga orodha

Chukua orodha fupi ya 20. Weka duara kwenye filamu ambazo unaamini zitawania Filamu Bora. Kwa kawaida utapata saba au nane. Kati ya hizo chagua nne, ukitanguliza zile ambazo muziki wake una watetezi wa dhati kuliko zile ambazo muziki wake haumsumbui mtu. Kisha jaza kiti cha tano kutoka nje ya duara. Andika tarehe, tia sahihi, na umpe mtu asiyebashiri akuhifadhie, kwa sababu mkono wa mbashiri huwashwa sana usiku wa mwisho.

Kwa miaka ya karibuni majina yamekuwa yakitangazwa saa kumi na moja na nusu alfajiri kwa saa za Los Angeles, ambayo kwetu ni saa kumi na nusu alasiri. Weka bando mapema na uchaji simu asubuhi, kwa kuwa umeme na mvua havipatani. Ukipatia watatu kati ya watano, umefanya kazi ya kawaida. Wanne ni kazi nzuri. Watano hakuna aliyewahi kupata katika kikundi chetu.

Baada ya hapo sahihisha upande wa kulia kwa kalamu nyekundu, na karibu na kila kosa andika sababu yake kwa sentensi moja: sheria, wapiga kura, au sikio lako. Upande wa kushoto hausahihishwi kwa matokeo. Hubadilishwa tu pale mtu anapoitazama filamu upya na kusikia kitu kingine. Challengers bado imo upande wa kushoto wa ukurasa wetu wa 2025, na hadi leo hakuna aliyependekeza ifutwe.